Maji ya Kunywa Chomboni: Kujaza Tangi na Kulitunza Katika Safari za Ziwa Albert

Wasomaji wetu wa pande zote mbili za Ziwa Albert, kuanzia Ntoroko hadi Panyimur kwa upande wa Uganda, na kuanzia Kasenyi na Tchomia hadi Mahagi-Port kwa upande wa Kongo, wamezoea kukuta katika kurasa hizi habari za majaketi ya kujiokolea, idadi ya abiria na hati za kuvukia mpaka. Safari hii tunaleta jambo ambalo halizungumzwi sana mwaloni, nalo ni maji ya kunywa yanayobebwa chomboni: yametoka wapi, yametiwa ndani ya nini, na pipa hilo lilioshwa lini mara ya mwisho.

Huenda mtu akauliza polisi wanaingiaje katika mambo ya mapipa ya maji. Tunaingia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ziwa hili lina upana wa kilomita 30 hivi, na mashua ya mbao yenye injini ndogo huchukua saa nyingi kulivuka. Injini ikizimika katikati na upepo ukageuka, safari ya mchana mmoja huwa safari ya mchana na usiku. Wenye maji safi husubiri msaada wakiwa na nguvu zao. Wasio nayo huinama ubavuni mwa mashua wakateka ya ziwani, nao watoto ndio wanaotangulia kunyweshwa kwa kuwa ndio wanaotangulia kulia. Sababu ya pili ni amani. Kipindupindu kikizuka mwaloni, neno la kwanza kusikika ni kwamba kimeletwa na wale wa ng'ambo. Mgeni hunyimwa mahali pa kulala, mchuuzi wa samaki hufukuzwa sokoni, na jambo lililoanza kama maradhi hutufikia kituoni likiwa ugomvi wa watu.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 maelfu ya watu waliokimbia mapigano ya Ituri walivuka ziwa na kuteremkia Sebagoro. Mwezi Februari kipindupindu kilitangazwa katika eneo hilo na katika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali. Watu zaidi ya 2,000 waliugua na zaidi ya 40 wakafariki. Wapo walioamini kwamba kisa chote ni wageni. Hao tunawakumbusha yaliyotokea wilayani Kasese miezi ya Juni na Julai 2015, katika kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Edward. Wataalamu wa afya walipochunguza waligundua kwamba wengi wa waliougua walikuwa wakichota maji ya kunywa mahali pamoja ufukoni, karibu na korongo linaloingiza maji ya mvua ziwani pamoja na uchafu wote uliosombwa njiani. Kijidudu cha kipindupindu hakiulizi hati ya mtu. Huingia kwa maji, na pipa la mashua huweza kukibeba kutoka mwalo hadi mwalo bila abiria hata mmoja kuwa mgonjwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni chombo cha kuwekea maji. Mashua nyingi zetu hazina tangi lililojengewa ndani. Zina majerikeni, ambayo jirani zetu wa Kongo huyaita mabido, au pipa la plastiki la lita 100 au 200 lililofungwa kwa kamba karibu na tezi. Hakuna ubaya wowote katika hilo, mradi pipa liwe lilitengenezwa kwa ajili ya chakula. Lile jerikeni la njano lililokuja na mafuta ya kupikia linafaa likisuguliwa vizuri. Jerikeni lililowahi kutiwa petroli au dizeli halifai kamwe, hata likioshwa kwa sabuni mara kumi, kwa maana petroli huingia ndani ya plastiki yenyewe na kutoka kidogo kidogo kwa muda mrefu. Vivyo hivyo mapipa ya dawa za mashamba. Tunashauri majerikeni ya maji yawe ya rangi moja na ya mafuta ya injini yawe ya rangi nyingine, na yasikae upande mmoja wa mashua, kwani usiku hakuna anayesoma maandishi.

Pipa jema lina mdomo mpana wa kutosha mkono kuingia wakati wa kusugua, kifuniko kinachobana, na bilula iliyotobolewa juu kidogo ya kitako ili mashapo yabaki chini. Bilula ndiyo tofauti kubwa kuliko zote. Pale ambapo abiria thelathini huchovya kikombe kimoja ndani ya pipa, maji yaliyoingia yakiwa safi hayabaki safi hadi ng'ambo, maana kila mkono uliogusa samaki, kamba na mtoto umekwisha kuoga humo. Plastiki inayopitisha mwanga nayo huotesha ukijani ndani. Ifunikwe kwa gunia au ipakwe rangi nyeusi kwa nje.

Kuhusu kujaza, kanuni yetu ni fupi: jaza nchi kavu, mahali unapopajua. Bomba la mji, kisima kirefu cha pampu ya mkono, au kioski cha maji ni bora kuliko ufuko wowote. Kabla ya kujaza, acha maji yatiririke kwa muda hadi yale yaliyolala ndani ya bomba yatoke yote, kisha kinga kidogo kwenye chupa nyeupe uyatazame juani. Yakiwa na rangi au harufu, tafuta pengine. Mpira wa kujazia uwe wa kazi hiyo peke yake. Tumeona mpira uleule ukiosha sakafu yenye damu ya samaki, ukalala ndani ya ziwa, kisha ukaingizwa mdomoni mwa pipa la kunywa; hapo mwenye chombo hubeba maji ya ziwa akidhani amebeba ya bomba. Mpira ukimaliza kazi utolewe maji, uzibwe ncha zote mbili na utundikwe.

Ikiwa hakuna budi kutumia maji ya ziwa, yachotwe mbali na ufuko, mbali na midomo ya mito na makorongo, na hasa yasichotwe baada ya mvua kubwa. Yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, ndipo yachemshwe hadi yatokote kabisa au yatiwe dawa ya klorini. Vidonge vinavyouzwa madukani huwa vya vipimo mbalimbali. Kile cha lita 20 si cha lita 5, basi soma pakiti. Baada ya kutia dawa ngoja nusu saa. Maji yenye matope hula klorini kabla haijafika kwa vijidudu, na ndiyo maana kuchuja hutangulia. Ladha hafifu ya dawa isimkere mtu: ni dalili kwamba dawa bado ipo ndani inafanya kazi.

Sasa tuje kwenye kusafisha, ambako tumeona uzembe mwingi kuliko kwingine kote. Maji safi yakikaa ndani ya pipa kwa wiki kadhaa, ukuta wa ndani hufanya utelezi. Utelezi huo ni maskani ya vijidudu, na klorini ya kawaida ya kunywa haiwezi kuupenya. Pipa la mashua inayosafiri kila siku limwagwe na kusuguliwa walau mara moja kwa wiki, na mara moja kila miezi michache, au wakati wowote chombo kilipolala muda mrefu, lifanyiwe usafi mkubwa kama ifuatavyo. Mwaga maji yote. Sugua ndani kwa brashi na sabuni, suuza. Jaza maji safi, kisha tia dawa ya klorini ya kufulia, ile ambayo wengi huiita jiki, isiyo na manukato. Ikiwa chupa imeandikwa nguvu ya asilimia 3.5, mililita 150 hutosha kwa lita 100 za maji, na mililita 300 kwa pipa la lita 200. Fungua bilula hadi harufu ya klorini isikike mdomoni mwake, ufunge, na uache usiku kucha, au saa nne kwa uchache. Asubuhi mwaga yote na suuza hadi harufu kali iishe. Maji hayo ya kusafishia hayanywewi na mtu wala mnyama, na yasimwagwe ziwani penye mitego na samaki. Yamwagwe nchi kavu.

Hapa tuna maonyo mawili. Dawa hiyo isichanganywe na dawa nyingine yoyote ya usafi, maana baadhi ya michanganyiko hutoa hewa yenye sumu, nayo ndani ya chumba kidogo cha mashua huweza kuua. Pia isipimwe kwa chupa ya soda ikaachwa humo. Chupa ya soda ya mililita 300 ni kipimo chepesi mno, tunakiri, lakini mtoto anapoiona hajui kama ndani mna soda au dawa. Tumia kikombe kilichotengwa, na dawa ibaki katika chupa yake, kivulini, kwa kuwa jua na muda hupunguza nguvu zake.

Vyombo vikubwa, kama feri na boti za mizigo au za doria, vina mfumo kamili: tangi, mabomba, pampu na bilula jikoni na msalani. Navyo hufuata njia ileile, ila usafi mkubwa lazima upite katika kila bilula, mojamoja, hadi harufu ya klorini itokee kote. Bilula moja ikisahauliwa, kipande chake cha bomba hubaki na uchafu wa zamani. Mdomo wa kujazia maji uandikwe kwa herufi zisizofutika na uwe mbali na mdomo wa mafuta. Bomba la kupumulia la tangi liwe na wavu mwembamba, vinginevyo mbu na mende hupata nyumba. Pampu ya kuvuta maji ya ziwa kwa ajili ya kuosha sakafu isiunganishwe kwa namna yoyote na mabomba ya kunywa, hata kwa koki iliyofungwa, kwa sababu koki huvuja. Pampu ya maji safi isiachwe izunguke tangi likiwa tupu, kwani nyingi huungua. Na ikiwa bilula zote zimefungwa lakini pampu inajiwasha yenyewe usiku, basi kuna mahali panapovuja. Fuata mabomba kwa kurunzi na kitambaa kikavu kabla maji hayajajaa chini ya sakafu.

Maji ni mzigo. Lita moja ni kilo moja, na pipa la lita 200 lina uzito wa watu wazima watatu hivi, jambo ambalo nahodha huweza kulisahau anapohesabu abiria. Tarehe 22 Machi 2014 mashua iliyojaa kupita kiasi ilizama katika ziwa hili ikiwa na Wakongo waliokuwa wakirejea kwao kutoka Uganda, na watu zaidi ya 100 wakafa. Hatutaki mtu apunguze maji ili aongeze watu. Tunataka maji yahesabiwe kuwa sehemu ya mzigo tangu mwanzo. Pipa liwekwe chini na katikati, lifungwe. Pipa lililo nusu ni baya kuliko lililojaa wakati wa mawimbi, maana maji yake hukimbilia upande ule ule ambao mashua inalalia. Kwa sababu hiyo majerikeni kadhaa ya lita 20 ni salama kuliko pipa moja kubwa: huyatumia moja baada ya jingine, na mengine hubaki yamejaa na kutulia.

Kwa safari ya mchana tunakadiria lita 2 kwa kila abiria. Mashua ya watu 20 ibebe lita 40, na juu yake jerikeni moja la lita 20 lililofungwa, ambalo halifunguliwi isipokuwa injini imezimika au mtu ameugua. Anayeharisha maji mfululizo akiwa chomboni apewe hapo hapo maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, anywe kidogo kidogo bila kukoma hadi mtakapofika kwa mganga. Kinyesi na matapishi yake visitupwe ziwani, vitiwe ndani ya ndoo yenye kifuniko, na watu wa afya waarifiwe mara mashua inapofika, iwe ni Butiaba au Tchomia. Nahodha anayetoa taarifa hiyo hana kosa lolote kwetu.

Askari wetu wa majini wanapokagua mashua, huenda wakaomba kuona pipa la maji, kunusa mdomo wake na kuuliza lilijazwa wapi. Ukaguzi huo hauna malipo. Anayedaiwa fedha kwa ajili yake achukue namba ya askari husika na kuifikisha kwa mkuu wa kituo kilicho karibu, upande wowote wa ziwa alio.