Daftari la Kazi ni Amana

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyeapa kwa kalamu katika Kitabu chake kitukufu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ndugu zetu Waislamu, kina baba na kina mama, na nyinyi vijana mnaoanza kuitafuta riziki: mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hulidhani kuwa ni la makarani peke yao. Nalo ni daftari la kazi, yaani pale panapoandikwa jina la mtu, siku aliyoajiriwa, mshahara wake, miezi aliyowekewa akiba, na siku aliyoachishwa. Daftari hilo laonekana kuwa ni karatasi kavu isiyo na roho. Lakini siku mtu anapopoteza kazi, karatasi hiyo ndiyo inayosema kama watoto wake watakula au hawatakula.

KUANDIKA KATIKA DINI YETU

Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuandika. Aya ya 282 ya Sura al-Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kupita zote katika Qurani, inahusu kuandikiana madeni: awepo mwandishi mwadilifu, wawepo mashahidi, wala watu wasichoke kuandika deni, liwe dogo au kubwa. Na ujira wa mtu aliyekwisha kufanya kazi ni nini kama si deni lililo shingoni mwa aliyemwajiri?

Katika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.), aliyetawala kati ya mwaka 634 na 644 kwa hesabu ya Miladi, iliwekwa diwani, yaani daftari la majina ya Waislamu pamoja na haki ya kila mmoja katika mali ya umma. Hakuweka daftari hilo kwa ajili ya fahari ya utawala. Aliliweka kwa sababu dola ilikuwa imepanuka, na kiongozi hawezi kumpa haki yake mtu asiyemjua. Huo ndio msingi wa maneno yetu yote ya leo: asiyeandikwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa husahauliwa.

DAFTARI JEMA NA DAFTARI LA DHULMA

Watu wa Kilimanjaro si wageni wa daftari. Tangu chama cha wakulima wa kahawa kilipoanzishwa mwaka 1925, na kisha KNCU mwaka 1933, kila nyumba yenye kihamba iliijua thamani ya karani wa mizani. Mkulima alipeleka kahawa yake chamani, ikapimwa, ratili zake zikaandikwa, akapewa malipo ya kwanza. Malipo yaliyofuata baadaye yalitoka kwa kufuata maandishi yale. Ambaye ratili zake hazikuandikwa alikuwa hana la kudai, hata kama kijiji kizima kilimwona akishuka na gunia kichwani.

Lakini daftari laweza pia kuwa pingu. Majirani zetu wa Kenya, chini ya sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutumika barabara baada ya Vita vya Kwanza, walilazimishwa kuchukua kipande. Kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alikitembeza kipande chake, wengi wakikining'iniza shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Humo mliandikwa matajiri aliowatumikia, mshahara aliopata, na siku alizoingia na kutoka kazini. Ilikuwa ni historia kamili ya kazi ya mtu, lakini iliandikwa ili asiweze kumkimbia tajiri wake wala kudai mshahara mkubwa zaidi. Kipande hicho kiliondolewa mwaka 1947, na wazee hawajakisahau. Basi maandishi peke yake hayatoshi kuitwa mema. Yatupasa tuulize: yameandikwa kwa faida ya nani?

AKIBA YA WAFANYAKAZI NA FAO LA KUKOSA AJIRA

Nchi yetu ilianzisha Akiba ya Wafanyakazi kwa sheria ya mwaka 1964, na mwaka 1997 ikageuzwa kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ambao sote twauita NSSF. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu ya hiyo. Mwaka 2018 mifuko minne ya watumishi iliunganishwa kuwa mmoja, PSSSF, na NSSF ikabaki na wafanyakazi wa makampuni, wa watu binafsi, na wanaojiajiri.

Mwaka huohuo wa 2018 likaingia jambo jipya, nalo ni fao la kukosa ajira. Kabla yake mwanachama aliyeacha kazi alizoea kuzitoa akiba zake, na jambo hilo lilizua mabishano makubwa tangu mwaka 2012. Kanuni za fao hili zina vifungu vingi, na mwenye haja aende ofisini akaulize. Lakini mzizi wake ni huu. Aliyechangia kwa muda usiopungua miezi 18, kisha akapoteza kazi bila ya kujiuzulu mwenyewe, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita. Ambaye michango yake haikufika miezi 18 hupewa kwa mara moja nusu ya alichochangiwa.

Mwaona, ndugu zetu, kwamba sheria yote imesimama juu ya hesabu ya miezi iliyoandikwa. Haiulizi ulifanya kazi miezi mingapi, ila yauliza imeandikwa miezi mingapi. Twamjua mzazi mmoja wa wanafunzi wetu aliyekuwa mlinzi kwa miaka saba kwa tajiri mmoja. Kila mwezi mshahara wake ulikatwa. Alipopunguzwa kazini akaenda kuuliza, ikaonekana miezi 14 tu. Iliyosalia ilikatwa mfukoni mwake lakini haikufika kwenye daftari. Mtu wa namna hiyo amedhulumiwa mara mbili: kwanza mali yake, kisha haki ya kutambuliwa kwamba alikuwa mfanyakazi.

ELIMU INAYOTOKA KATIKA DAFTARI

Daftari la kazi halimsaidii mtu mmoja peke yake. Zikikusanywa kumbukumbu za maelfu ya watu, na majina yakafichwa, wataalamu huweza kuisoma hali ya kazi katika nchi nzima. Ofisi yetu ya Taifa ya Takwimu imekwisha kufanya tafiti za nguvukazi kwa kuwauliza watu majumbani, mathalan mwaka 2006, 2014 na 2020/21. Tafiti hizo zina faida kubwa, kwani humwuliza hata mama muuza ndizi ambaye hayumo katika daftari lolote. Lakini humwona mtu kwa siku chache tu kisha humwacha, ilhali daftari la michango humfuata mtu mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka.

Mfano mzuri wa elimu hiyo unatoka Austria, nchi ya Ulaya yenye kumbukumbu za bima ya wafanyakazi zilizohifadhiwa kwa mpango tangu mwaka 1972. Wataalamu watatu, David Card, Raj Chetty na Andrea Weber, walizichunguza kumbukumbu za watu zaidi ya nusu milioni waliopoteza kazi, wakatoa matokeo yao mwaka 2007. Sheria ya huko wakati ule ilimpa kiinua mgongo cha mishahara ya miezi miwili kila aliyeachishwa baada ya kutimiza miaka mitatu. Basi wakawalinganisha walioachishwa kabla kidogo ya miaka mitatu na walioachishwa baada yake kidogo, kwani watu hao walifanana kwa kila jambo isipokuwa kile kiinua mgongo. Ikadhihirika kwamba waliopewa fedha zile hawakukimbilia kazi upesi kama wenzao. Kasi yao ya kupata kazi ilipungua kwa asilimia 8 hadi 12. Lakini kazi walizozipata baadaye hazikuwa bora kuliko za wenzao. Mwenye akiba hupata nafasi ya kupumua, na asiye nayo husukumwa na njaa. Wala kungoja peke yake hakuleti kazi nzuri. Kwa mtunga sheria, hayo ni maarifa yasiyopatikana kwa kukisia.

Wataalamu haohao walitufundisha hadhari nyingine. Ilikuwa ikisemwa kwamba wasio na kazi hukaa bure mpaka fao liishe, kisha ghafula wakapata kazi. Na dalili yake ni kwamba wengi huondoka katika daftari la wasio na kazi siku zilezile fao linapokwisha. Wakachunguza siku ambayo kila mmoja alianza kazi hasa, wakaona kwamba jambo hilo kwa sehemu kubwa si kweli. Watu waliacha kujiandikisha kwa kuwa hapakuwa tena na cha kupokea, si kwa kuwa wamepata kazi. Kutoka katika daftari si kutoka katika shida!

DAFTARI LILILONYAMAZA

Somo hilo latufaa sana sisi wa Moshi. Akiba ya mtu ikinyamaza, yaani miezi ikapita bila ya mchango, maana yake yaweza kuwa moja kati ya tatu. Huenda amepoteza kazi. Huenda yuko kazini na tajiri wake anamkata bila ya kupeleka. Au huenda ameacha mshahara akafungua kibanda Kiboroloni, au amerudi kulima tangawizi, naye anakula vizuri kuliko zamani. Karatasi ni ileile moja, lakini hali ni tatu, na dawa zake ni mbalimbali. Anayeziita zote tatu kwa jina moja la uvivu anafuata dhana, na dhana tumekatazwa katika Sura al-Hujurat.

Watazameni wapagazi wa mlimani, ambao wenyewe hujiita wagumu. Katika malango ya Marangu, Machame na mengineyo, wapagazi huandikwa na mizigo yao hupimwa, kwani mpagazi haruhusiwi kuchukuzwa zaidi ya kilo 20. Tangu mwaka 2003 pana pia mradi wa hapa Moshi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, ambao huwauliza wakishashuka: umelipwa kiasi gani, umekula nini, umelala katika hema la namna gani? Majibu yao yakaandikwa, na kampuni zinazotenda haki zikajulikana.

Kazi ya mpagazi ni ya msimu. Hupanda leo na kampuni hii, mwezi ujao na nyingine, na masika yakiingia hukaa nyumbani. Kwa mtu kama huyo kuikusanya miezi 18 ni safari ndefu kuliko ya kileleni. Wageni walipokatika mwaka 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, vijana wengi wa mlimani walirudi nyumbani mikono mitupu. Lango lilikuwa na ushahidi kwamba walifanya kazi, lakini akiba yao haikuwa na ushahidi huo. Kama daftari ya lango na daftari ya michango zingesomwa pamoja kwa ruhusa ya sheria, ingeonekana wazi ni nani aliyepanda mara kumi bila ya kuwekewa hata shilingi moja. Na sheria ya kukosa ajira ingeweza kutengenezwa kulingana na msimu wa mlima, si kwa mwenye kiti cha ofisini peke yake.

YANAYOTUPASA

Kwanza, wenye kuajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka masharti ya kazi yaandikwe, na yahifadhiwe miaka mitano baada ya kazi kwisha. Ukishindwa kuyatoa mbele ya baraza, ni juu yako kuthibitisha, si juu ya mfanyakazi. Na kumkata mtu kisha usipeleke ni kupunja kipimo. Wapunjao wameonywa kwa sura nzima, al-Mutaffifin. Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kuharakisha ujira wa aliyetoka jasho, na akiba yake ni sehemu ya ujira huo.

Pili, wafanyakazi. Usiingoje siku ya kufukuzwa ndipo uulize. Itazame michango yako mara kwa mara, kwa simu au ofisini, na uweke mkataba na hati za mshahara mahali pasipoingia panya. Ukiondoka kazini dai hati ya utumishi wako, kwani sheria inakupa.

Tatu, wenye kuzishika daftari na wenye kuzichunguza. Siri za watu ni amana, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeiimarisha amana hiyo. Soma hesabu uijue hali ya umma, wala usimpekue jirani yako. Kumbukumbu zikitumiwa kuwawinda wanyonge, kipande kimerudi kwa sura nyingine.

Nne, vijana wetu. Someni hesabu, tena zisomeni sana. Twahitaji makarani waadilifu na wataalamu wa takwimu wenye khofu ya Mungu, kama tunavyohitaji maimamu na waalimu. Mwenye kuihesabu vyema miezi ya mnyonge anaitumikia haki.

Ndugu zetu, kila mmoja wetu ana daftari jingine lisiloachilia dogo wala kubwa, na Siku ya Hesabu litafunguliwa. Tajiri atakuta humo miezi aliyoificha, na karani atakuta humo jina aliloliruka. Basi heri tuzinyooshe daftari zetu za duniani kabla halijasomwa lile.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, awafungulie milango waliokosa kazi, na atufanye waaminifu wa kalamu. Amin. Wabillahi Tawfiq.