Wachezaji Wadumu Watatoka Wapi?

Mnamo 1974, Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza mezani. Kila mchezaji hubuni mhusika wake, naye msimulizi huongoza kisa kwa miezi, pengine miaka. Mmoja akitoroka, kisa huchechemea.

Mwalimu wa Masii atakayeuanzisha atawapata wapi wenzi wa kudumu? Naona jibu limo katika mwethya, desturi ya Wakamba ya kusaidiana kazi, iliyochimba matuta mengi ya kuzuia mmomonyoko Machakos. Aliyelimiwa alidaiwa jasho.

Basi anzeni watano, teueni siku isiyobadilika, na usimulizi uwe wa zamu. Aliyesimuliwa leo adaiwe hadithi kesho. Deni hilo litawarejesha mezani hata baada ya mitihani.