Pipi Zisizo za Watoto

Kwetu bangi ilijitangaza yenyewe kwa harufu. Kijana akiwasha msokoto nyuma ya banda, mama aliye jikoni ameshajua. Huku Marekani pua haitusaidii tena. Bangi inauzwa kama pipi, biskuti na chokoleti.

Juzi, kwa rafiki yangu, nilikuta pakiti mezani, mali ya mpangaji mwenzake. Pipi kumi laini za kutafuna, nyekundu, zimenyunyiziwa sukari. Pembeni, kwa maandishi ya kukodolea macho: miligramu 10 za THC kila moja, yaani kile kilevi chenyewe cha bangi. Mtu mzima asiyezoea hushauriwa aanze na nusu. Je, umewahi kuona mtoto wa miaka mitatu akala pipi moja akaacha tisa?

Mwaka 2017 vituo vya ushauri wa sumu vya Marekani vilipokea taarifa 207 za watoto chini ya miaka 6 waliokula vyakula vyenye bangi. Mwaka 2021 zilifika 3,054, karibu zote za majumbani. Colorado ilikataza pipi za bangi zenye umbo la wanyama au matunda. Vizuri, ila mtoto hufuata sukari.

Kinachotuponza ni kwamba bangi ya kula huchelewa, nusu saa hadi saa mbili au zaidi. Mtoto anaanza kuyumba, anatapika, macho yanalegea, kisha analala. Mzazi aliyetoka shifti ya usiku anamshukuru Mungu kwa usingizi huo. Lakini mtoto anayetikiswa asiamke, huyo hajalala, na pumzi yake inaweza kupungua.

Hapo piga 911. Ukishuku kala kitu naye bado yuko macho, pigia kituo cha ushauri wa sumu, 1-800-222-1222: ni bure, saa 24, na wakalimani wapo. Kama hapumui vizuri na hujui alichokula, mpulizie dawa ya Narcan puani. Kwa bangi haisaidii, lakini kama ni fentanili, ile dawa kali ya kulevya, inaweza kumwokoa.

Na hospitalini usifiche. Najua hofu yetu: polisi, ustawi wa jamii, makaratasi. Daktari asiyeambiwa atatafuta homa ya uti wa mgongo, na mtoto atachomwa sindano mgongoni bure. Taja kilicholiwa, nenda na pakiti.

Na wewe unayeishi na wapangaji wenzako, waulize leo pakiti zao wanazifungia wapi.