Feni Inaponguruma, Tusiizime Bali Tuisikilize

Nina jambo la kuungama, ndugu msomaji, na heri niliungame mapema kabla sijajivika kofia ya mshauri. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha somo la Kompyuta katika shule moja ya kutwa huko Embu, kando ya barabara iendayo Runyenjes na Chuka hadi Meru. Tulikuwa na kompyuta kumi na mbili za mezani, zote zikiwa zimekwisha kutumikia ofisi za watu kabla ya kutufikia sisi. Mojawapo ilinguruma kama kinu cha kusagia mahindi. Kila nilipofungua kinywa kufundisha, nayo ilinijibu. Siku moja uvumilivu uliniishia, nikafungua kisanduku chake na kuchomoa waya wa feni ya nyuma. Kimya kikatanda. Wanafunzi wakapiga makofi, nami nikajiona fundi.

Makofi hayo yalitugharimu. Baada ya majuma machache kompyuta ile ilianza kujikokota, kisha ikawa inajizima katikati ya kazi. Muhula wa pili diski yake ilikataa kuamka, na ndani yake mlikuwa na mradi wa mwanafunzi wa Kidato cha Nne, ule unaotahiniwa pamoja na karatasi nyingine za somo hilo katika KCSE. Nakala ya pekee tuliyoipata ilikuwa ya miezi miwili nyuma. Diski ilikuwa kuukuu, na siwezi kuapa kwamba joto pekee ndilo lililoiua. Hata hivyo, nilipomwona kijana yule akiandika upya kazi yake jioni baada ya jioni, sikuwa na uso wa kumtazama. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Feni haingurumi bila sababu. Prosesa ikipata joto, ubao mkuu huiamuru feni izunguke kwa kasi zaidi. Vumbi likiziba njia za hewa, joto hupanda hata kama kazi ni ndogo, na feni hukimbia bila kupumzika. Katika miteremko ya Mlima Kenya vumbi hilo ni la udongo mwekundu, ambalo kila mwenye shati jeupe analijua. Kule Mbeere kwenye ukame halina msimu. Tuongeze hapo unga wa chaki, na madawati yaliyozibwa pande zote ambamo visanduku vya kompyuta hufungiwa kama kuku. Basi tusistaajabu feni zikipiga mayowe.

Mwalimu na afunze sikio la mwanafunzi. Kunja karatasi iwe mrija, utege sikio kwenye ncha moja, na nyingine uielekeze kwenye kisanduku. Mvumo mzito usiokoma aghalabu ni vumbi na joto. Mkwaruzo ni ekseli ya feni iliyokauka au kulika, na dawa yake ni feni mpya. Mgongano wa haraka huenda ukawa ni waya unaoguswa na mapanga. Lakini ukisikia mgoto kutoka kwenye diski, usishughulike na feni; nakili kazi za wanafunzi saa hiyo hiyo.

Usafi wenyewe hauhitaji fedha nyingi. Zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, itoe nje, kisha uipanguse kwa brashi laini na kuipuliza. Yazuie mapanga ya feni kwa kidole unapopuliza, yasije yakazunguka kupita kiasi na kuharibika. Kisanduku cha kugawa umeme usikifungue kamwe, kwani hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa. Na iwapo unanunua feni na nafasi inaruhusu, chagua kubwa. Wanafunzi wa Hisabati wanaweza kuthibitisha kwamba duara lenye kipenyo cha milimita 120 lina eneo mara mbili na robo ya lile la milimita 80. Kwa hiyo feni kubwa husukuma hewa ile ile kwa mzunguko wa polepole, na kelele hupungua.

Hapo ndipo linapokuja suala la kuboresha mashine, suala linalomgusa mzazi mfukoni. Katika shule niliyohamia upande wa Meru, pendekezo lilikuwa wazazi wachangishwe ili kompyuta zote ziondolewe, maadamu zilikuwa nzee na zenye kelele. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Niliomba majuma mawili. Pamoja na wanafunzi tuliandika daftari: kila mashine na umri wake, prosesa yake, aina ya kumbukumbu, hali ya diski na hali ya feni. Kati ya kompyuta kumi na tano, nane zilihitaji usafi na feni chache tu. Nne zilitaka diski ya SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka, hivyo haina kelele, na huifanya mashine nzito iwe nyepesi. Tatu ndizo zilizostahili kustaafu.

Daftari hilo hutuepusha na hasara nyingine. Kumbukumbu ya DDR4 haiingii katika nafasi ya DDR3, hata ukiisukuma. Tena, Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa zisizo za zamani mno. Kwa zile za Intel, kwa jumla ni kuanzia kizazi cha nane, kilichotoka mwaka wa 2017. Kuna haja gani kumwaga fedha katika mashine isiyoweza kuvuka daraja hilo, isipokuwa shule iwe tayari kutumia Linux? Swali hilo liulizwe kabla ya kwenda dukani.

Walimu wenzangu, tusingoje fundi kutoka mjini. Muhula mmoja, usafi mmoja. Kila mwaka, daftari lisomwe mbele ya halmashauri ya shule. Nanyi wanafunzi, hifadhini kazi zenu mahali pawili, hata chumba kikiwa kimya kama msitu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na matofali ya ukuta huo, katika shule zetu, hununuliwa na mzazi mwenye shamba dogo la kahawa.