UTUNZAJI WA MAKARO NA USALAMA WA MAJI MJINI

Sehemu kubwa ya maji yanayotumika Mjini Unguja hutoka ardhini, katika chemchemi na visima. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeyaleta mjini kwa mabomba maji ya chemchemi za upande wa Bububu. Wakati huo huo, nyumba nyingi, hasa za Ng'ambo, hupeleka maji machafu katika makaro na mashimo yaliyochimbwa katika ardhi hiyo hiyo. Kwa hivyo karo lililotupwa bila ya matunzo huhatarisha maji ya mtaa mzima.

Hatari hiyo inatokana na jiwe lenyewe. Udongo mzito huyachuja maji machafu polepole. Jiwe la matumbawe lina nyufa na matundu, nayo maji hupita upesi hadi kufikia maji ya visima. Umbali wa mita 30 baina ya kisima na shimo la choo, ambao hutajwa mara kwa mara, huenda usitoshe mahali penye jiwe la namna hiyo. Maji maangavu na matamu yanaweza kuwa na vijidudu vya maradhi.

Karo lililojengwa vyema halivuji. Uchafu mzito huzama na kuwa tope, mafuta huelea juu, na maji ya katikati hutoka kwenda katika shimo la kunyonya. Vijidudu vilivyomo hupunguza tope, lakini haviwezi kulimaliza. Tope na mafuta yakifikia theluthi ya kina cha karo, wakati wa kulinyonya umewadia. Kwa nyumba nyingi ni kila baada ya miaka 3 hadi 5. Likicheleweshwa, tope huvuka, huziba shimo la pili, na mvua za masika zikianza uchafu hufurika njiani.

Wakaazi wanakumbushwa mambo yafuatayo:

(a) Mafuta ya kupikia, matambara, pedi, nepi za watoto na mchanga visitiwe chooni wala katika mifereji ya jikoni.

(b) Maji ya mvua kutoka mapaani yasielekezwe katika karo.

(c) Mtu yeyote asiingie ndani ya karo, hata likiwa limenyonywa. Hewa yake huua kwa dakika chache, na mara nyingi anayeingia kumwokoa mwenzake hufa pia.

(d) Mabomba ya maji safi yasipitishwe ndani ya mitaro. Maji yanapokatika, bomba lenye ufa huvuta uchafu ulio nje yake. Pampu iliyounganishwa moja kwa moja na bomba la mtaa huzidisha mvuto huo.

(e) Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote, kisha yahifadhiwe katika chombo safi chenye mfuniko.

Kipindupindu kiliripotiwa Zanzibar mwaka 1978 na kimerudi mara kadhaa, ikiwemo miaka ya 2015 na 2016. Maradhi hayo huenezwa na maji na chakula vilivyoingiwa na kinyesi. Mwenye nyumba anayeona karo linafurika, au bomba linavuja, anatakiwa kumuarifu Sheha wake siku hiyo hiyo, ili hatua zichukuliwe kabla ya majirani kuathirika.