Kukiuka mkataba na kuvunja mkataba

Nchini Marekani, anayeendesha mgahawa kwa jina la kampuni nyingine hufungwa na wajibu wa matangazo; McDonald's, kwa mfano, humtaka atenge kwa ajili hiyo si chini ya asilimia 4 ya mauzo ghafi. Asipolipa, amefanya nini? Mfasiri mwenye haraka huandika "amevunja mkataba". Hapo ndipo penye hatari, kwani klabu ya mpira "inapovunja mkataba" na kocha, kila mtu huelewa kwamba imeachana naye. Mwenye mgahawa anayedaiwa hajaachana na mtu: amekiuka sharti, na mkataba ungali hai. Chini ya sheria ya California, akilipa ndani ya siku 5 tangu apokee notisi ya maandishi, deni hilo pekee haliwi sababu ya kumwondoa papo hapo. Kifungu kinachotumia "vunja" kwa kosa lake na pia kwa hatua ya kampuni huzifuta siku hizo zote. Iandikwe "kukiuka" kwa kosa, na "kukatisha" kwa kuumaliza mkataba. "Kusitisha" nako hutumika sana, ila wapo wanaokielewa kuwa ni kusimamisha kwa muda tu.