Nguva Si Hadithi

Muulize mwanafunzi wa Kisauni nguva ni nini. Huenda akakueleza habari za binti mwenye mkia wa samaki. Kwetu wanaisimu hilo ni jambo la kusikitisha: neno limesalia, mnyama anatutoka.

Nguva ni mamalia alaye nyasi za baharini. Hubeba mimba takriban miezi 13, huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka kadhaa asizae. Hana budi kuibuka juu kuvuta pumzi. Akinaswa na jarife hufa, ijapokuwa mvuvi alikusudia papa. Kwa uzazi wa namna hiyo, hata vifo vichache kila mwaka huwapunguza.

Jamaa yake mkubwa wa Bahari ya Bering, aliyeonwa na Steller mwaka 1741, alikwisha malizwa na wawindaji kufikia 1768. Basi majarife yaondolewe penye nyasi hizo, na wavuvi wapewe zana nyingine.